Mstari wa Kumi na Moja

Fetuao alikuwa na miaka kumi na sita mwaka ule nchi yake ilipoiruka siku nzima. Alilala Alhamisi, tarehe ishirini na tisa Desemba, akaamka Jumamosi, tarehe thelathini na moja. Ijumaa haikuja Samoa. Wakubwa walikuwa wameamua kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe ili siku za kazi zilingane na za Australia na New Zealand, na makanisa yakagonga kengele kuiaga siku ambayo hakuna aliyeiona. Shangazi yake, aliyezaliwa tarehe thelathini, alinung'unika wiki nzima kwamba serikali imemlia keki yake.

Fetuao alikuwa msichana wa kimya, asomaye hata maandishi ya kwenye makopo ya samaki, na aliona hilo ni jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyashuhudia. Kumbe siku yaweza kutolewa kwenye hesabu, polepole, bila kelele, na dunia isianguke.

Alipomaliza chuo alipata kazi mji mkuu, Apia, katika ofisi ndogo ya data za afya. Kazi hiyo ilimfaa. Haikumtaka aongee. Zahanati za visiwa vyote ziliandika wagonjwa wao kwenye kanzidata moja: majedwali mengi yaliyoshikana mikono, hili la wagonjwa, hili la vijiji, hili la sindano. Kanzidata ile ilikuwa hodari wa kuandikiwa lakini mvivu wa kujibu. Ukiiuliza ni watoto wangapi wa pwani ya kusini wanaongoja sindano mwezi huu, ilitafunatafuna swali mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana ofisi ikaamua kujenga ghala la data, mahali ambapo kila kitu kingepangwa tayari kwa kuulizwa, na Fetuao akapewa kazi ya kuvihamisha vitu kutoka kule na kuviingiza huku.

Ghala la namna hiyo huwa na kalenda yake, jedwali lenye siku zote, kila siku na mstari wake. Tarehe yoyote inayoingia lazima imkute mwenzake humo, na isipomkuta, hurudishwa mlangoni pamoja na mtu iliyekuja naye. Kalenda hiyo Fetuao aliijenga kwa mkono wake, tangu mwaka 1900 hadi 2050. Alipofika Desemba 2011 alitabasamu, akaifuta tarehe thelathini.

"Njoo uone," alimwambia Iopu, kijana wa meza ya jirani.

Iopu akainama, akasoma, akapiga kofi la paja. "Umeifuta kweli? Hata Mungu aliiacha ipite tu, wewe umeifuta!"

"Haikuwepo."

"Basi futa na Jumatatu zote. Nazo hazina faida kwa mtu."

Walicheka. Fetuao hakuwa mtu wa kuchekesha wenzake, na siku ile alikwenda nyumbani akijiona mwepesi kama unyoya. Ghala lao, alijiambia, ni la Kisamoa kwelikweli.

Mwaka 2024, mwezi wa pili, ukawadia wakati wa kuhamisha rejista ya watoto wenye ugonjwa wa moyo, ule unaoanza na koo kuuma na viungo kuvimba, halafu huenda kujificha kwenye vilango vya moyo. Dawa yake ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, kwa miaka, bila kukosa. Manesi wangepewa vishikwambi, na kila asubuhi kishikwambi kingemwambia nesi ni nyumba zipi za kusimama. Kadi za karatasi zingefungiwa kabatini.

Ijumaa, Fetuao alibonyeza kitufe cha kuingiza data. Ghala likakataa. Akajaribu tena, likakataa tena. Mkuu wa ofisi, Tuiasau, alikuwa chifu kwao na mtu mwema, ila alikuwa na wageni Jumatatu. Akaja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Binti, kioo bado hakijawa kijani?"

"Bado, chifu. Linakataa."

"Linakataa nini?"

"Mistari kumi na moja."

"Kati ya mingapi?"

"Elfu tatu na mia mbili na kitu."

Tuiasau akacheka kwa pua. "Shelisheli elfu tatu zimefika jikoni salama, wewe unalilia kumi na moja zilizodondoka njiani? Jumatatu wageni wanataka kuona ghala. Machozi yako hawayataki."

Alipoondoka, Fetuao alifungua orodha ya waliokataliwa. Wa kwanza aliitwa Kuku Kuku, aliyezaliwa mwaka 1000. Wa pili alikuwa Jaribio Jaribio. Wa tatu alikuwa Mfalme wa Ndizi, ambaye angezaliwa mwaka 2999. Ilikuwa michezo ya manesi walipokuwa wakijifunza kutumia kanzidata, na tarehe kama hizo hazikuwemo kwenye kalenda. Alihesabu sita, zote upuuzi. Kioo kilionyesha sita tu. Tano nyingine zilikuwa chini yake, na kuzifikia kulitaka kidole kimoja kibonyeze mara moja.

Hakubonyeza. Alikwenda kwenye mipangilio, mahali palipouliza ni makosa mangapi yanaweza kuvumiliwa, akaondoa sifuri, akaandika ishirini. Data ikaingia. Kijani. Kwenye daftari lake akaandika: *Kumi na moja. Angalia.* Wiki iliyofuata alifungua ukurasa mpya.

*

Sista Lagimaina aliingia ofisini katikati ya Septemba akiwa amekumbatia kishikwambi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa nesi wa pwani ya kusini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na ofisi ile ya watu wa kunong'ona ilishtuka.

"Nani hapa anayetengeneza orodha?"

Iopu akamnyooshea kidole Fetuao, kama mtoto anayemsemea mwenzake kwa mwalimu.

"Ni wewe? Mimi nilidhani ni mwanaume mwenye miwani."

"Miwani ninayo, Sista," Fetuao alisema, akasimama.

Lagimaina hakucheka. "Nitafutie Fuatino wa Vailoto. Mjukuu wa Vaoita. Ana miaka kumi na miwili."

Fetuao akatafuta kwenye ghala. Hakuwemo. Akaandika kijiji peke yake. Wakaja watoto tisa wa Vailoto, na Fuatino si mmoja wao.

"Hayumo," alisema.

"Najua hayumo! Hicho ndicho ninachokwambia. Hayumo tangu mwezi wa pili. Jumamosi ya wiki ile nyingine walimleta hospitali, magoti yamevimba, homa, kifua kinampanda na kushuka kama mvukuto. Daktari anasema kilango cha moyo kinavuja kuliko mwaka jana. Sindano saba, binti. Sindano saba hakuchomwa."

Fetuao alifungua kanzidata ya zamani. Fuatino alikuwemo, ametulia kwenye mstari wake, jina, kijiji, jina la bibi, sindano zote mpaka Januari. Kwa hiyo alikuwepo kule, na huku hakufika. Vidole vilikwishajua pa kwenda kabla yake. Vilifungua orodha ya waliokataliwa, na safari hii vilishuka hadi chini, kumpita Kuku Kuku, kumpita Mfalme wa Ndizi.

Mstari wa kumi na moja ulikuwa wa Fuatino. Mahali pa kuzaliwa: Pago Pago. Tarehe ya kuzaliwa: thelathini Desemba, 2011. Pembeni ghala lilikuwa limeandika sababu yake kwa utulivu: *tarehe haipo kwenye kalenda.*

Kule Pago, kwenye Samoa ya Marekani, nusu saa tu kwa ndege, hawakuhama upande. Kule Ijumaa ilikuja kama Ijumaa nyingine yoyote, na ndani yake mtoto akazaliwa.

Iopu alikuwa amesogea kuangalia, akasoma, akaifuata tarehe kwa kidole mpaka mwisho.

"Nini?" Lagimaina aliuliza. "Mnaona nini?"

"Ni mimi," Fetuao alisema. Sauti ilitoka ndogo, akalazimika kuirudia. "Ni mimi, Sista. Siku aliyozaliwa niliifuta. Ghala likamkataa, nikaliambia lisijali."

Lagimaina akavuta kiti cha Iopu, akakaa bila kuombwa.

"Na mimi nilidhani mama yake amemchukua kwenda Pago," alisema, sauti imeshuka. "Mashine haikumtaja, nikasema basi, wamehama. Bibi alikuwa amekaa pale pale mbele ya nyumba yake. Nilipita na gari mara saba. Nikampungia mkono."

Kisha akasimulia yaliyobaki. Kila Jumanne ya nne Vaoita alimwogesha mjukuu wake, akamvika nguo safi, akamkalisha ndani nyuma ya mapazia, yeye akatoka kukaa nje kungoja. Gari lilipita. Bibi hakuuliza. Alikuwa mtu wa zamani, na kwake kumwuliza nesi mbona hukusimama ni sawa na kumwambia hujui kazi yako. Akajisemea labda sindano zimekwisha, mtoto amepona, Mungu ni mwema. Sasa binti yake Onosai, mama wa mtoto, amevuka kutoka Pago kwa hasira, anamwita mama yake mzembe mbele ya majirani. Komiti ya wanawake ya kijiji imemwondoa Vaoita miongoni mwa wale wanaopita kukagua nyumba za wenzao, kwa maana atakaguaje nyumba za watu mtu aliyeshindwa na mtoto wake? Alhamisi Onosai anapanda meli na mtoto, na kusema kwake ni kwamba hamrudishi tena.

"Na bibi anajitetea vipi?" Fetuao aliuliza.

"Hajitetei. Akiulizwa anasema, ni mimi, nilikaa kimya." Lagimaina akainuka. "Mtoto alilelewa naye tangu ana miezi minne. Haya. Mrudishe kwenye mashine yako."

Kuirudisha siku ile kwenye kalenda kulihitaji amri ya mstari mmoja. Kulichukua muda usiozidi kupiga chafya. Fetuao akarudisha sifuri mahali palipokuwa na ishirini, akaingiza data upya, na Fuatino akatokea kwenye orodha ya Vailoto, wa tatu kutoka juu, kana kwamba hakuwahi kwenda popote. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Lingekuwa kosa gumu angalau angekuwa na la kusema.

*

Tuiasau alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbatana juu ya tumbo.

"Umerekebisha?"

"Nimerekebisha, chifu."

"Umetazama kama kuna wengine?"

"Kumi wale ni majina ya mchezo. Nimepiga simu zahanati zote kuhakikisha. Ni yeye tu."

"Basi tumshukuru Mungu ni mmoja. Nitaandika barua kwa hospitali. Kasoro ya mfumo, imeondolewa."

"Si mfumo, chifu."

"Nani hapa alikuambia uvumilie makosa kumi na moja? Mimi. Mimi na shelisheli zangu." Alisema bila kumtazama, akipanga kalamu mezani. "Lakini tukianza kutajana majina, kesho hakuna nesi atakayeamini orodha, warudie makaratasi, na watoto wengine wapotee humo. Kaa na kazi yako. Ukienda wewe kule, imekwenda ofisi."

Alikuwa na hoja, na Fetuao aliijua. Akarudi mezani. Lakini kila alipofumba macho aliliona gari likipita, na mkono wa Lagimaina ukipunga, na bibi asiyemfahamu akipunga pia, kwa adabu. Roho ilimsuta mchana kutwa. Mfumo hauna uso, alifikiri. Mtu akiambiwa ni mfumo, atamkasirikia nani? Atarudi kujikasirikia mwenyewe, kama bibi yule.

Nyumbani alimkuta mama yake akisuka mkeka, miguu imenyooshwa. Fetuao akakaa mkabala naye, akaanza kumchambulia majani, akamweleza. Mama hakuacha kusuka.

"Nilifikiria ifoga," Fetuao alisema mwishoni. "Nikakae mbele ya nyumba yao, nijifunike mkeka, mpaka waniite."

"Ifoga hubebwa na machifu wa ukoo, kwa damu iliyomwagika. Wewe peke yako ukienda kujifunika mkeka pale utaonekana unaigiza. Na watalazimika kukupokea, maana kijiji kizima kitakuwa kinatazama. Huko si kuomba radhi. Ni kuwabana watu." Akakaza jani moja kwa meno. "Unaogopa nini hasa?"

"Kusema."

"Ndiyo. Tangu utoto. Ulikuwa unaandika barua kuniomba chumvi." Alimtazama sasa. "Hili usiandike barua."

*

Jumatano alikwenda Vailoto na gari la Lagimaina, lililokuwa kwenye mzunguko wake wa sindano. Hakumuaga Tuiasau. Njia nzima Lagimaina aliimba nyimbo za kanisa na kumwonyesha nyumba za wagonjwa wake, huyu wa sukari, huyu wa shinikizo, huyu hana kitu ila anapenda kuniona. Fetuao alikuwa anarudia kimya maneno aliyoyapanga. Walipokata kona ya Vailoto yalikuwa yamekwisha kumtoroka yote.

Nyumba ya Vaoita haikuwa na kuta, nguzo tu na mapazia ya makuti yaliyokunjwa juu, kwa hiyo kila kitu kilionekana kabla hujafika. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa amechutama mbele ya begi lililo wazi, akikunja nguo za mtoto kwa hasira. Huyo ndiye Onosai. Bibi mwembamba, upepeo mkononi, alikaa ameegemea nguzo. Mtoto, aliyekwisha kuruhusiwa kutoka hospitali, alilala ubavu juu ya mkeka akichezea simu, uso umepungua, macho makubwa.

Lagimaina alimtambulisha kwa sentensi moja, "huyu ametoka Apia, ana neno," kisha akajifanya kushughulika na sanduku lake la dawa.

Fetuao alikaa chini, akakunja miguu vizuri. Mikono haikuwa na pa kuwekwa.

"Bibi," alianza, "mimi ndiye ninayetengeneza orodha ya sindano. Orodha anayoifuata Sista. Kuanzia mwezi wa pili jina la Fuatino halikuwemo, kwa sababu yangu. Nesi hakusimama kwa sababu yangu. Si kosa lako."

Upepeo wa Vaoita ulisimama.

"Halikuwemo vipi?" Onosai aliuliza.

"Mashine ina kalenda. Nilipoitengeneza niliiondoa ile siku tuliyoiruka. Tarehe thelathini. Nilidhani hakuna mtu anayeweza kuwa na tarehe hiyo. Kwa hiyo alipofika yeye, mashine ikasema siku hiyo haikuwepo, ikamrudisha. Ikaniambia. Sikuangalia."

Onosai aliiweka chini fulana aliyokuwa akiikunja. "Haikuwepo," alisema taratibu. "Siku hiyo nilikuwa na uchungu kwa saa kumi na nne. Niling'ata taulo mpaka nikalitoboa. Mkunga alinitukana, mimi nikamtukana. Leo unakuja na viatu vyako vya mjini kuniambia haikuwepo?"

"Ilikuwepo, dada."

"Usiniite dada!"

"Onosai," Vaoita alisema.

"Hapana, mama, ngoja nimalize. Wiki nzima nimekuita majina. Mbele ya mke wa mchungaji nimekuita majina! Na wewe umekaa hapo unaitikia ndiyo, ndiyo, ni mimi. Na huyu alikuwa ofisini kwake, kwenye feni!" Sauti ikakatika. Akageukia nguzo, akaificha sura yake.

Kuku alipita katikati ya nyumba, akatoka upande wa pili. Vaoita alimtazama Fetuao, na macho yake hayakuwa na huruma wala chuki. Alikuwa kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Uliona jina lake?" aliuliza. "Wakati mashine ilipokuambia."

Hapa palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema hapana, akaishia hapo, na ingekuwa kweli.

"Sikuliona, bibi. Lilikuwa chini kidogo. Sikushuka kulitazama. Ningetumia kidole tu."

Vaoita akaitikia kwa kichwa, mara moja. "Na mimi ningesimama tu barabarani." Alianza tena kujipepea. "Lakini mimi nilikuwa naogopa. Wewe ulikuwa na haraka. Si kitu kimoja."

"Si kitu kimoja," Fetuao alikubali.

"Komiti inakutana Jumatatu. Utakuja useme haya haya. Usiyapambe."

"Nitakuja."

Ndipo bibi akainuka kwa shida, akaenda jikoni nyuma ya nyumba, akarudi na sinia: majimbi, majani yaliyopikwa kwa tui, kikombe cha kakao chenye moshi. Akaviweka mbele ya Fetuao.

"Sitaweza kula, bibi."

"Sijakuambia nimekusamehe. Umetoka mbali, na hii ni nyumba ya watu. Kula."

Alikula. Bibi alikaa pale akimfukuzia nzi mpaka sinia likawa tupu.

Onosai alikuwa amerudi mbele ya begi. Muda mrefu alilitazama tu. Halafu akatoa fulana, akaiweka kwenye mkeka. Akatoa sketi ya shule. Akatoa viatu.

"Atabaki hadi Desemba," alisema, akiliambia begi. "Amalize mwaka wa shule. Baada ya hapo nitaona." Akainua kichwa kumwelekea Fetuao. "Na kila sindano utanipigia simu wewe. Sista ana kazi zake. Wewe."

"Nitapiga."

"Kilango cha moyo hakirudi, unajua? Daktari ameniambia. Kinaweza kusimama hapo kilipo, kurudi hakirudi."

"Najua," Fetuao alisema. Alikuwa amesoma kila kitu kilichoandikwa juu ya jambo hilo.

*

Jumatatu alisimama mbele ya wanawake ishirini na wawili wa komiti, akasema, na walimsikiliza mpaka mwisho. Vaoita akarudishiwa nafasi yake. Tuiasau alipopata habari hakumwita wala hakumgombeza. Kwa wiki mbili alimjibu salamu kwa nyusi tu, kisha akatoa amri kwamba mstari wowote uliokataliwa usomwe na watu wawili, jina kwa jina, kabla data haijaingia.

Wiki nne zilipotimia tangu sindano ya hospitali, Jumanne alasiri, alama ndogo ilitokea kwenye kioo mbele ya jina la Fuatino. Fetuao alikuwa akiingoja tangu asubuhi. Alipiga simu Pago hapo hapo.

"Amechomwa," alisema.

"Saa ngapi?" Onosai aliuliza. Nyuma yake zilisikika mashine za kiwanda cha samaki alikofanya kazi.

"Saa nane na dakika kumi."

"Umemwona?"

Fetuao aliitazama ile alama kwenye kioo.

"Nakuuliza umemwona kwa macho, au umesoma?"

"Nimesoma."

Simu haikukatwa. Mashine za samaki ziliendelea kuvuma upande wa pili.

"Nitakupigia tena," Fetuao alisema. Akazima kompyuta yake, akamwambia Iopu anatoka, akaenda kutafuta usafiri wa kuvuka mlima.

Alifika Vailoto jua limeanza kulegea. Vaoita hakuwepo, alikuwa kwenye ukaguzi wa nyumba na wenzake. Fuatino alikuwa amekaa juu ya ngazi za mawe, akichambua mbegu za papai na kuwarushia kuku.

"Wewe ndiye uliyenifuta," mtoto alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Ndiyo. Ni mimi. Leo umechomwa?"

Fuatino akajiinua upande mmoja, akamwonyesha juu ya paja mahali palipobandikwa plasta, akakunja uso. "Inauma kama kuumwa na mbwa. Ungeniacha tu nimefutwa."

Akacheka kwa utani wake mwenyewe, kicheko kikamletea kikohozi, na kikohozi kikamkalisha chini, mkono kifuani, akivuta pumzi fupifupi. Fetuao alipiga magoti kando yake, hakujua amshike wapi. Alihesabu. Ilichukua pumzi kumi na nane mpaka kifua kikatulia.

"Huwa inapita," Fuatino alimweleza, kama mkubwa anayemtuliza mdogo. "Unakaa tu."

Akakaa. Kuku walimaliza mbegu za papai. Mtoto alipookota tena kipande kingine na kuendelea kurusha, Fetuao alitoa simu, akaitafuta namba ya Pago.

"Nimemwona," alisema.